Harufu ya Maradhi: Pua ya Mbwa na Mwambao wa Winam

Msomaji wetu mmoja akaaye Kondele, mjini Kisumu, ametuletea barua yenye suala fupi lakini zito. Amesikia redioni kwamba huko Ulaya mbwa hufundishwa kunusa saratani katika mwili wa binadamu hata kabla tabibu hajaiona kwa chombo, naye ataka kujua kama habari hii ni ya kweli au ni katika zile hekaya ambazo watu hupashana bila ya kuzipima. Na ikiwa ni ya kweli, ina maana gani kwa mtu aishiye kando ya Ziwa Victoria, ambako mgonjwa aghalabu hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa. Jawabu la sehemu ya kwanza ni jepesi: habari ni ya kweli. Sehemu ya pili ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika, kwa kuwa ushahidi mmojawapo ulio thabiti kabisa kwamba maradhi hubadili harufu ya mwili ulipatikana hapa kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Kondele, na aliyeutoa ushahidi huo hakuwa mbwa.

Sitakawilia kueleza saratani ni nini, maana mambo hayo yamo katika kila kitabu cha shule. Yatosha kukumbuka kwamba chembe ya mwili iliyoasi mpango wake wa kugawanyika hula, hupumua na kutupa taka kwa namna isiyofanana na ile ya jirani yake iliyo nzima, na kwamba baadhi ya taka hizo ni nyepesi kiasi cha kuweza kutoka katika damu, zikaingia katika pumzi, jasho na mkojo, na kutoka huko zikaelea hewani. Wanakemia wana jina refu la vitu hivi. Nimelipima neno “kemikali rukaji” nikaliona limezidi mbwembwe, nikalipima “kampaundi tete” nikaona wengi wetu tukisikia “tete” twafikiria kitu kilicho karibu kuvunjika. Basi kwa makala haya nitaviita vivuke, kimoja kivuke, kwa udugu wake na mvuke, na msomaji aliye na neno bora zaidi na atuletee.

Taarifa ya kwanza kuchapishwa katika jarida la kitabibu ilitoka mwaka 1989, pale madaktari wawili wa Uingereza, Williams na Pembroke, walipoandika katika Lancet habari za mwanamke mmoja aliyekuwa na mbwa asiyekoma kunusa doa moja lililokuwa mguuni pake. Mwanamke huyo alikuwa na madoa mengine, na mbwa hakuyajali. Lile moja alilinusa hata kupitia nguo, na siku moja bibi alipovaa kaputula, mbwa akajaribu kuling’ata aling’oe. Doa lilipochunguzwa likaonekana kuwa ni melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali kupita nyingine nyingi, nalo likakatwa kabla halijaenea.

Kisa kimoja si elimu, na ilipita miaka 15 kabla jambo hili halijawekwa katika mizani ya jaribio lililopangwa. Mwaka 2004 Carolyn Willis na wenzake wa hospitali ya Amersham, Uingereza, walichapisha matokeo ya mbwa sita waliofundishwa kutambua mkojo wa watu wenye saratani ya kibofu. Kila mara mbwa alipewa vielelezo saba, kimoja tu kikiwa cha mgonjwa. Na katika majaribio 54 mbwa waliteua sawasawa mara 22, ilhali kwa kubahatisha tu wangalipata kama mara nane. Hesabu hiyo si ya kumfanya mtu aache hospitali akamfuate mbwa. Lakini ndani ya taarifa ile ile mna tukio ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hesabu zote: wakati wa mafunzo, mbwa wote walishikilia kielelezo kimoja kilichotoka kwa mtu aliyehesabiwa kuwa mzima, aliyekwisha kupimwa na kuonekana hana neno, nao wakakataa kukiacha hata wakufunzi walipodhani wamekosea. Daktari akaona ni heri mtu huyo apimwe upya. Akakutwa na saratani katika figo yake ya kulia.

Tangu hapo majaribio yamefuatana. Huko Italia, mbwa wawili walionusa mkojo wa mamia ya wanaume walitambua saratani ya tezi dume kwa usahihi uliozidi 98 katika kila 100. Kwingineko hesabu zimekuwa za chini zaidi. Na kwa jumla matokeo hutegemea mno namna mbwa alivyofundishwa. Hayo tuyaache.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nikae kitako, kwa sababu katika yote niliyoyasoma juu ya mada hii hakuna lililonifurahisha kama pua yenyewe. Watu husema mbwa hutushinda kwa wingi wa chembe za kunusia, kwamba anazo baina ya milioni 125 na milioni 300, nasi tuna milioni tano au sita hivi. Wingi huo ni wa kweli, lakini umelifunika jambo lililo kubwa zaidi, maana chembe nyingi hazifai kitu ikiwa hewa yenye habari haizifikii, au yazifikia ikaondoka kabla hazijaishika. Kwetu sisi njia ya pumzi ndiyo njia ya harufu: hewa huingia, hupita karibu na utando mdogo wa kunusia ulioko juu kwenye paa la pua, ikashuka mapafuni, kisha ikarudi kwa njia ile ile na kufagia karibu kila kilichokuwa kimetua. Mbwa hakuumbwa hivyo. Mwaka 2010 Brent Craven, Eric Paterson na Gary Settles, wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani, walikipiga picha kichwa cha mbwa kwa mtambo wa sumaku, wakaijenga upya pua yake ndani ya kompyuta, mfereji kwa mfereji, kisha wakafuata mwendo wa hewa ndani yake. Na walichokiona ni kwamba pua ya mbwa imegawanywa iwe na kazi mbili zisizoingiliana.

Mtu wa Kisumu hana haja ya mchoro ili alifahamu jambo hili, kwani ameishi kando ya mfano wake. Tazama ramani ya ziwa letu upande wa Kenya. Liko ziwa kuu, lililo wazi, ambalo upepo hulivuruga na mawimbi yake hayakai mahali pamoja. Na iko Ghuba ya Winam, iliyojikunja kuelekea mashariki, ikipita Homa Bay, Kendu Bay na Asembo hata kufika Kisumu, nayo haikuungana na ziwa kuu ila kwa mlango mwembamba ulio karibu na kisiwa cha Rusinga. Maji yanayoingia kwa mlango ule hayana haraka ya kutoka. Ndiyo sababu gugumaji, lilipotuvamia katika miaka ya 1990, lilikuwa likijazana ghubani likaziba gati ya Kisumu, na ndiyo sababu wavuvi wa Mbita walilalamika sana pale mkondo ulio baina ya Rusinga na bara ulipozibwa kwa tuta katika miaka ya 1980, hata baadaye tuta likafunguliwa na daraja likajengwa ili maji yapite tena.

Sasa pua ya mbwa ina ziwa kuu lake, nalo ni njia pana iendayo mapafuni. Na ina Winam yake, chumba kilichojificha nyuma kabisa, chini ya ubongo, ambacho mlango wake ni mfereji mwembamba upitao juu. Mbwa anaponusa, sehemu kama 12 au 13 katika kila 100 za hewa huchepuka kwa mfereji ule zikaingia ghubani, na zilizobaki hushika njia ya mapafu bila ya kusumbuana nazo. Ndani ya ghuba, hewa hupunguza mwendo, ikapita taratibu baina ya mifupa myembamba iliyojikunja na kujikunja tena kama mwambao wenye mahori mengi, na kila hori limetandikwa utando wa kunusia. Kisha mbwa hutoa pumzi. Hapo ndipo ilipo hikima yote: mkondo wa kurudi haupiti ghubani kabisa. Huondoka kwa njia ya chini, na hewa iliyokwisha kuingia katika Winam ya mbwa hubaki humo ikitulia, hata mnuso unaofuata ulete nyingine, na mbwa aweza kunusa mara tano hivi kwa sekunde moja.

Na mfano huu wasonga mbele zaidi. Chukua jahazi lililosheheni bidhaa mbalimbali, likaingia kwa mlango wa Rusinga likielekea mashariki: bidhaa zinunuliwazo kwa pupa huishia Homa Bay, za wastani huuzwa Kendu, na zile zisizo na wateja wengi huendelea, zikigawanywa kidogo kidogo katika kila gati hata ya mwisho. Vivuke navyo ni hivyo. Vile vipendavyo maji huyeyuka katika unyevu wa utando mara vinapoingia, vikatua karibu na mlango. Visivyopenda maji husafiri mbali, vikaenea katika mahori yote mpaka ndani kabisa. Kwa hiyo harufu moja, ambayo kwetu ni kitu kimoja tu, kwa mbwa hupanguliwa ikawa orodha: nini kimetua wapi, kwa kiasi gani, na mbele au nyuma ya nini. Mashine ghali za maabara zitenganishazo gesi hufuata kanuni iyo hiyo, zikipitisha hewa katika mrija mrefu mwembamba ili kila kivuke kichelewe kwa kadiri ya tabia yake. Mbwa anao mrija huo usoni.

Liko jambo jingine dogo nisilotaka kuliacha. Pumzi anayoitoa mbwa haitoki mbele. Hutokea katika mipasuko iliyo kando ya matundu ya pua, ikaelekezwa nyuma na chini, na kwa kutoka hivyo huivuta hewa mpya ije mbele ya pua badala ya kuisukuma. Mtu akitaka kunusa kitu huku akitoa pumzi, hukipulizia mbali kile anachokitafuta. Mbwa, hata atoapo pumzi, yungali akikusanya.

Juu ya mafunzo sitasema mengi. Mnyama hupewa kielelezo cha maradhi na vielelezo vizima, akiteua sawa hutuzwa, asipoteua sawa hatuzwi, na mwishoni hupimwa kwa namna ambayo hata mkufunzi aliye kando yake hajui kipi ni kipi, asije akamsoma usoni. Kazi hii si ya mbwa peke yake, na Waafrika Mashariki tuna haki ya kulitaja hili kwa fahari: huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu, na panya mmoja hupitia vielelezo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtu mwenye hadubini huimaliza kwa siku kadhaa.

Narudi sasa kwenye mwambao wetu na ule ushahidi niliouahidi. Mwaka 2005, Renaud Lacroix, Wolfgang Mukabana, Louis Clement Gouagna na Jacob Koella walichapisha habari za jaribio walilolifanya hapa magharibi ya Kenya. Waliwachukua watoto watatu watatu, makundi 12. Katika kila kundi mmoja hakuwa na malaria, wa pili alikuwa na vimelea vya malaria katika hali ile ambayo mbu hawezi kuambukizwa navyo, na wa tatu alikuwa na gametosaiti, yaani vimelea vilivyokwisha kukomaa na kungoja mbu wa kuvibeba. Kila mtoto alilala katika hema lake, hewa ya kila hema ikapelekwa kwenye chumba kimoja cha kati kilichojaa mbu, nao mbu wakaachwa wachague waelekee wapi bila ya kupewa nafasi ya kumuuma yeyote. Waliomfuata mtoto mwenye gametosaiti walikuwa kama maradufu ya waliomfuata kila mmoja wa wenzake. Watoto wakatibiwa, jaribio likarudiwa, na tofauti ikatoweka.

Yafaa mtu asome tena matokeo hayo polepole. Mtoto ni yule yule, jasho ni lake, sabuni anayoogea ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwako au kutokuwako kwa kimelea kisichoonekana kwa macho, na tena kimelea kilicho katika umri fulani wa maisha yake. Mbu alijua. Zaidi ya hayo, kimelea kilikuwa kikimtumia mtoto kumwita mbu kwa wakati ule hasa ambao mbu angekifaa.

Harufu hiyo ni ya nini? Mwaka 2018 kundi jingine la watafiti, akiwamo Ailie Robinson na Annette Busula, walitoa jawabu kutokana na kazi iliyofanywa pamoja na kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kilichoko Mbita, chenye kuitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyeiasisi ICIPE mwaka 1970. Walikusanya harufu ya miguu ya watoto wa shule, wenye vimelea na wasio navyo, wakaipitisha katika mashine na mbele ya mbu. Katika wenye vimelea kulizidi vivuke vya ukoo wa aldehaidi, kama vile hepitanali, oktanali na nonanali. Na walipoongeza vivuke hivyo kwenye harufu ya mtu asiye na vimelea, mbu wakaipenda zaidi. Kabla ya hapo, watafiti wa Sweden walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2017, kwamba kimelea hutoa kitu ambacho huzichochea chembe nyekundu za damu zitoe hewa ya kaboni na aldehaidi kwa wingi kuliko desturi yake.

Baada ya mbu kutoa shahada, mbwa aliitwa. Watoto wa Gambia walioonekana wazima walipewa soksi za nailoni wavae usiku kucha. Soksi 175 zikagandishwa, zikasafirishwa hadi Uingereza, zikanuswa na mbwa wa shirika la Medical Detection Dogs ambalo Claire Guest ni mwasisi wake. Soksi 30 zilikuwa za watoto wenye vimelea. Mbwa walizitambua 70 katika kila 100 za wenye vimelea, na wakazikataa 90 katika kila 100 za wasio navyo. Na hao walikuwa watoto wasiolalamika homa wala kuumwa kichwa. Elimu ya harufu imekwisha kufanya kazi Rusinga pia, bila ya mbwa: baina ya 2012 na 2015 nyumba za kisiwa zilitiwa mitego iendeshwayo kwa nguvu ya jua na yenye harufu iliyotengenezwa kufanana na ya binadamu, na mahali palipotiwa mitego malaria ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30.

Sasa msomaji aweza kuniuliza mbona aliuliza saratani nami namjibu kwa malaria. Ni kwa sababu katika mwambao huu mambo hayo mawili hukutana ndani ya mtoto mmoja. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliletewa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya. Mwaka 1958 akauandikia makala, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, wiki kumi, kama kilomita 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo huonekana na ni wapi hauonekani. Ramani aliyoipata ilifuata joto na mvua. Ilikuwa, kwa maneno mengine, ramani ya mbu. Leo twajua kwamba saratani hiyo, ambayo sasa yaitwa kwa jina la Burkitt, huhitaji washirika wawili: virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda, na malaria irudiayo mara kwa mara, ambayo huzilazimisha chembe za kinga zigawanyike bila kupumzika hata moja ikakosea. Mwambao wa Winam umo ndani ya ramani hiyo. Watoto wenye maradhi hayo hutibiwa hapa hapa Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kitabibu, na wenzao wa Marekani wamekuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi.

Hakuna saratani ya binadamu ijulikanayo kukua upesi kuliko hiyo: uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kadhalika ni chache zinazoitikia dawa kama hiyo ikiwahiwa, hata zamani za Burkitt palikuwa na watoto waliopona kwa dozi chache za dawa moja. Siku chache ndizo zinazotenganisha hali hizo mbili, nami sioni ni wapi duniani ambapo pua ya mbwa ingefaa zaidi kuwekwa kazini kuliko katika zahanati za Nyakach, Rachuonyo na Mbita, ambako mama huleta mtoto mwenye jino linalolegea bila sababu na hakuna mtambo wa kupiga picha. Laiti ningekuwa na sauti mbele ya wale wanaoamua ni suala gani lifanyiwe utafiti, ningeliomba hili.

Tena ningeomba lipangwe kwa namna ambayo mwambao wenyewe unaidai. Kuwalinganisha watoto wenye uvimbe na watoto wazima wa Nairobi kungekuwa kazi bure, kwani mbwa angejifunza harufu ya malaria, aliyokwisha kuonyesha kwamba aijua, akaonekana hodari kwa jambo asiloulizwa. Soksi zitoke katika vijiji vile vile, kwa mafungu matatu: za watoto wenye saratani ya Burkitt kabla ya dozi ya kwanza, za watoto wa umri wao wenye vimelea vya malaria lakini wasio na uvimbe, na za watoto wasio na chochote. Mbwa afundishwe kuyapita mafungu mawili ya mwisho na kusimama kwenye la kwanza. Na siku ya mtihani, asiwekewe hata soksi moja aliyowahi kuinusa wakati wa mafunzo, maana mbwa ana hifadhi kubwa ya harufu za watu, na aweza kumkumbuka mtoto badala ya kuyatambua maradhi yake.